Ugonjwa Rasmi wa Ligi

Haya nilipewa na Ernestine Gaither, jirani yangu wa uzio mmoja hapa Toledo, mwaka jana majani yalipoanza kudondoka. Tulikuwa kibarazani kwake tunamenya matufaha ya pai, na kila alipofika mahali pa kucheka alikiweka kisu chini kwanza. Nayaandika kama alivyonipa.

Tangazo lenyewe lilisomwa na kila redio ya Ohio. Ligi Kuu ya Mpira wa Yai wa Kimarekani, baada ya mashauriano mapana na wadau wote, inayo furaha kuutangazia umma kwamba imeteua Ugonjwa Rasmi. Ugonjwa huo ni saratani ya matiti. Mwezi wake ni Oktoba. Rangi yake ni pinki, tena si kila pinki, ila ile iliyoidhinishwa. Magonjwa mengine yote yanashukuriwa kwa kujitokeza, na yanatakiwa kila la heri.

Wako walionung'unika, kama kawaida ya watu. Mtu ambaye hajakaa kwenye kamati hudhani kuteua ugonjwa ni kazi ya asubuhi moja. Kamati ya Uteuzi ilikaa majira yote ya joto katika chumba cha vioo juu ya uwanja, chini ya mwenyekiti wake, Bwana Bradford Vandeveer, na mkono wake wa kulia akakaa Bi. Kirsten Aldous wa Mauzo. Magonjwa yaliitwa moja moja, kama watu wanaoomba kazi.

Ulianza ugonjwa wa ini. Ulikuwa na sifa zote; unajulikana, na haubagui. Lakini mfadhili mkuu wa Ligi ni kampuni ya bia, na bango la bia pale langoni ni kubwa kuliko lango. Ini likashukuriwa. Kikaja kisukari, mtu wa kampuni ya soda akakohoa, kikatolewa kabla hakijakaa kitini. Moyo ulipendwa sana kwa wekundu wake, ungependeza kwenye kofia, ila mtu wa soseji aliuliza kwa upole soseji zitauzwa wapi mwezi huo. Tezi dume na utumbo mpana viliingia pamoja, vinaona haya. Bi. Kirsten akaeleza kwamba utafiti wa Mauzo umethibitisha jambo moja: mwanamume akitajiwa sehemu hizo huweka bia yake chini, na wengine huzima televisheni kabisa.

Ukaja pia ugonjwa wa kichwa, ule wa wachezaji waliogonganishwa vichwa miaka nenda miaka rudi mpaka wanasahau njia ya dukani. Huo haukuhojiwa. Mwenyekiti alisema huo ni wa nyumbani, ni sawa na mtoto wa bosi. Ukipewa nafasi, watu watasema Ligi ina upendeleo. Kamati ikampongeza kwa uadilifu.

Ikabaki saratani ya matiti peke yake mlangoni. Haina ugomvi na bia, wala soda, wala soseji. Haikutokea uwanjani, kwa hiyo hakuna atakayeuliza nani kaileta. Na Bi. Kirsten alikuwa amegundua kwamba siku hizi karibu nusu ya watazamaji wa mpira ni akina mama, na akina mama ndio wanaonunua jezi za nyumba nzima. Wote wakanyoosha mikono. Mwenyekiti alifuta jicho, akasema kwamba jambo hili linamgusa, maana hata mama yake alikuwa mwanamke.

Sasa mume wa Ernestine, Lavell Gaither, zamani alicheza mstari wa mbele wa timu ya Mabaharia wa Toledo. Ni jitu la kujaza mlango. Goti lilipomwishia, Ligi ilimkumbuka, ikampa cheo cha Mkaguzi wa Sare. Watu hucheka wakisikia, lakini bila mkaguzi Ligi ingekuwa uchi. Kila Jumapili kabla ya mchezo Lavell hupita kwa mchezaji mmoja mmoja. Humvuta soksi mpaka gotini, humchomekea jezi, humpapasa kifua na mabega kuhakikisha kinga zipo na hakuna alichoficha ndani. Mwezi wa Oktoba hutembea na kipande cha utepe wa pinki iliyoidhinishwa, anakilinganisha na kila glavu na kila kiatu. Kijana mmoja alivaa soksi za buluu kwa ajili ya baba yake aliyekufa kwa saratani ya utumbo. Lavell alimwandikia faini huku machozi yanamtoka. Ligi haikatazi huzuni. Inakataza buluu.

Mikono yake ilizoea kazi hiyo hadi ikawa haiulizi ruhusa. Kanisani alishamchomekea shati mchungaji katikati ya baraka. Na Oktoba moja, yumo bafuni anaoga, mikono ile ile ikapita kifuani kwake mwenyewe, ikasimama. Chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na kitu kigumu, kama mbegu ya pichi iliyonyonywa ikaisha.

Alikaa nacho kimya siku kadhaa. Kisha akamkuta Ernestine jikoni anakaanga nyama ya nguruwe, akafungua vifungo vya shati, akamwambia, "Hebu nikague." Ernestine aliweka kidole, kisha akaondoa kikaango motoni. Dada yake Lavell alikufa kwa ugonjwa huo huo. Hawakuhitaji kuambizana.

Tatizo lilikuwa bima. Ya wachezaji hukoma miaka michache baada ya goti. Ukaguzi wa soksi ni kibarua cha Jumapili, hauna bima. Na wote wawili walikuwa hawajafikia umri wa kutibiwa na serikali. Lakini palikuwapo basi la pinki la Ligi, limeegeshwa nje ya uwanja, lenye mashine ya kupiga picha ya kifua bila malipo. Na mkataba wake umeandikwa ubavuni kwa herufi za kusomeka toka mbali, kwamba atakayekutwa na ugonjwa ndani ya basi hili atatibiwa na Ligi mpaka mwisho. Basi wakaenda.

Muuguzi wa basi aliitwa Halina Wozniak, mama wa makamo. Alimsikiliza Lavell, akafumba macho kidogo kama mtu anayejua kitakachofuata. Alisema yeye angempima hata sasa hivi, kwa sababu wanaume nao huipata, si wengi, lakini huipata, na huchelewa kujua kwa kuwa hakuna anayewaambia. Ila mashine haiwaki bila namba ya kikuku cha pinki, vikuku hutolewa na Kamati, na Kamati hutoa kwa wanawake tu. Akanyoosha kidole juu, kwenye chumba cha vioo.

Kamati iliwapokea vizuri, kwa kahawa na keki ya pinki. Mwenyekiti aliwaeleza kwa subira kwamba Mpango wa Uelewa una makundi mawili, watoa uelewa na wapokea uelewa. Wachezaji, wakaguzi, yeye mwenyewe na wanaume wote kwa jumla ni watoaji. Akina mama ni wapokeaji.

"Wewe, Ndugu Gaither, ni mtoaji wetu hodari," alisema. "Ukianza kupokea, taarifa yetu ya mwaka itavurugika."

"Bwana mkubwa," Lavell akasema, "mimi nina uvimbe."

"Nasi tunauheshimu sana uvimbe wako."

"Basi uheshimuni kwa mashine," Ernestine akasema.

Bi. Kirsten aliingilia kwa sauti ya huruma. Alisema yeye binafsi hana neno, ila Mauzo wana wasiwasi. Mwanamume mwenye mwili wa namna hii akionekana na ugonjwa wa pinki, watazamaji watachanganyikiwa, na mtazamaji aliyechanganyikiwa hanunui kofia. Ligi inawashauri wanaume waendelee kuwa na uelewa kwa niaba ya wake zao.

Ernestine aliniambia kwamba wakati ule alikuwa ameshashika mkoba wake, tayari kuinuka, na moyoni ameshaanza kuiuza nyumba. Ndipo mwenyekiti akapata wazo. Jumapili ile, wakati wa mapumziko, Ligi ilipanga kumtunuku Shujaa wa Oktoba katikati ya uwanja. Shujaa aliyechaguliwa alikuwa amekwenda Florida kwa binti yake na hataki kurudi kwenye baridi. Nafasi ilikuwa wazi. Ernestine angevaa jezi, angeshangiliwa kwa kuushinda ugonjwa, na angepewa kikuku. Kikuku kikishakuwa chake, kitakachotokea nyuma ya pazia la basi Kamati haina haja ya kukijua.

"Ngoja nielewe," Ernestine akasema. "Nishangiliwe kwa kupona ugonjwa nisiougua, ili mume wangu apimwe ugonjwa anaougua."

"Umeelewa haraka kuliko wajumbe," mwenyekiti akasema.

Ernestine alimtazama Lavell. Lavell alikuwa anatazama keki, hajaigusa. Akakubali. Kwa kikuku kile, aliniambia, angekubali hata kushangiliwa kwa kupona ugonjwa wa kuku.

Jumapili ikafika na upepo mkali wa ziwani. Kila kitu kilikuwa pinki. Nguzo za goli, vikombe vya bia, hata karatasi za soseji. Bwana Vandeveer alivaa jezi ya pinki juu ya shati lake la hariri. Mafundi wa sauti walimbandika kipaza sauti kidogo shingoni, na kisanduku chake cha kurushia sauti wakakifunga kwa plasta chini ya shati, upande wa kushoto wa kifua, kwa sababu hakutaka kivimbe kiunoni. Yeye wakati huo alikuwa anaongea kwenye simu. Watu wa kiwango chake huvishwa na wengine, na mara nyingi hawajui wamevaa nini.

Wakasimama katikati ya uwanja. Ernestine mbele, kikuku mkononi, na Lavell nyuma yake, ameelekezwa amshike bega na ahuzunike kwa kiasi. Mwenyekiti alisimulia jinsi mama huyu alivyopigana usiku na mchana. Umati ukasimama. Watu walilia kwelikweli, na Ernestine naye akawapungia, huku anafikiria kuku aliyemwacha kwenye oveni.

Hotuba ilipokwisha, bendi ikaanza kujipanga, na mwenyekiti akasogea kando. Hapo jezi yake ikachomoka kwenye suruali. Lavell alijitahidi kutazama mawingu. Alitazama bango la bia. Mwisho mikono ikaenda yenyewe. Ikamchomekea, ikamnyoosha begani, ikampapasa kifuani. Ikasimama upande wa kushoto. Ikarudia. Lavell akainama sikioni kwa mwenyekiti, akasema kwa sauti ya chini, na kipaza sauti kikaisambaza hadi safu za juu kabisa:

"Bwana mkubwa, una kitu hapa. Kigumu. Kama changu."

Bendi ikashusha vyombo. Mwenyekiti akapeleka vidole, akakuta kweli. Uso wake ukabadilika rangi, wala si ile iliyoidhinishwa.

"Haiwezekani," alisema. "Mimi ni mwanamume."

"Hata mimi."

"Sasa nifanyeje?"

"Basi liko pale nje. Ila halipimi wanaume. Kamati ilikataa."

"Kamati gani hiyo?"

"Yako, bwana."

Uwanja mzima ulisikia. Bi. Kirsten alitokea mbio kwenye mstari wa pembeni, anapitisha kidole shingoni ili mafundi wakate sauti. Mwenyekiti alimwona, akadhani ndiyo hukumu yake, akayumba. Lavell akamshika kwapani asianguke, kwa uangalifu, asije akamkunja jezi.

Hapo ndipo Bwana Vandeveer alipoonyesha uongozi. Wengine wangeomba kura. Yeye alijinyoosha, akatamka: "Kwa mamlaka niliyonayo, naazimia kwa dharura kwamba, kwa madhumuni ya mwezi wa Oktoba, kila mwenye kifua ni mama."

Halafu katika safu za juu mzee mmoja mwenye kofia ya Mabaharia akaweka bia yake chini, akaingiza mkono ndani ya koti, akaanza kujipapasa. Aliyekaa naye akamwiga. Safu kwa safu, bia zikawekwa chini, na Mauzo hawakuwahi kupata uthibitisho mzuri kuliko ule.

Mwenyekiti alikwenda basini kwa mwendo ambao wachezaji wake hawakuwa nao msimu ule. Ernestine na Lavell walimkuta mlangoni, anahema, anaomba kikuku. Aliomba kwa adabu. Alisema yeye anakihitaji kwa dakika chache tu, kisha atawarudishia.

"Hiki kina mwenyewe," Ernestine akasema. "Anaingia mume wangu."

"Mama, mimi ni mwenyekiti wa Ligi."

"Leo wewe ni mama mwenzangu, bwana. Na sisi akina mama tunapanga foleni."

Akamvua Lavell koti, akamfunga kikuku kwenye kidole, maana kwenye mkono wake hakikufika, akampandisha ngazi. Mashine ikawaka.

Nyuma ya mwenyekiti foleni ikaanza kujikusanya. Wanaume wenye ndevu, wanaume wenye watoto mabegani, wengine bado na soseji mkononi, wametoka uwanjani na mchezo haujaisha. Upepo ulikuwa unapiga, na jezi za pinki ni nyepesi.

Halina alipiga simu juu, akasoma azimio neno kwa neno, na wa juu, kwa kuwa walilisikia kwa masikio yao, wakafungua namba mpya za vikuku. Lavell alitoka amevaa shati nusu. Halina alitoka nyuma yake na karatasi.

"Mama Bradford Vandeveer," aliita. "Karibu ndani, mama."

Wale wanaume wakavua kofia.

Alilazwa kwenye kitanda chembamba, akafunguliwa vifungo. Halina alitazama, akabandua plasta kwa kucha, akamwekea mkononi kisanduku cheusi chenye taa ya kijani inayowaka. "Mama," akamwambia, "huu si uvimbe. Hii ni redio." Na kwa kuwa taa ilikuwa inawaka, hayo nayo yakafika uwanjani, katikati ya robo ya tatu ya mchezo.

Kesho yake mwenyekiti aliitisha kikao cha kulifuta azimio. Wanasheria wakamwonyesha ugumu. Ili lifutwe, Ligi ingelazimika kuutangazia umma kwamba mwenyekiti wake, kuanzia tarehe fulani, si mama tena. Bi. Kirsten alisema Mauzo hawana lugha ya kuliuza hilo. Isitoshe fulana zilizoandikwa Kila Mwenye Kifua zilikuwa zimekwisha madukani, na wanunuzi walikuwa wanaume. Azimio likaachwa. Liko mpaka leo, na kila Oktoba Bwana Vandeveer hupokea kadi yenye maua, inayomkumbusha Mama Vandeveer kwamba wakati wake wa kupimwa umefika.

Kile cha Lavell kilikuwa saratani yenyewe. Kilikuwa bado kidogo, hakijatembea. Alipasuliwa wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, bata mzinga wao akaliwa na mimi na majirani, kisha akapelekwa kwenye dawa majira yote ya baridi, kwa jina la Mama Gaither, kila kitu juu ya Ligi, kama ilivyoandikwa ubavuni mwa basi. Nywele zilimtoka. Alikuwa akirudi anatapika, halafu anawalaumu wauguzi kwa soksi zao. Mwezi wa Aprili daktari akasema imetosha, nenda nyumbani.

Ernestine ndiye aliyeendesha gari siku hiyo. Ilikuwa mchana, theluji ya mwisho inayeyuka kandokando ya barabara. Wakiwa njiani akamuuliza kitu alichokuwa amekibeba tangu Oktoba. Akasema, wewe mzee umepapasa vifua vya wachezaji miaka yote hii, unajua kinga, unajua waya, unajua kijana akificha hata pipi ya kutafuna. Kweli mikono yako haikujua kisanduku cha sauti?

"Mkono unaweza kukosea," Lavell akasema.

"Wako?"

Lavell alimwomba amlazie kiti kidogo, mgongo unamuuma. Ernestine akanyoosha mkono, akakilaza. Hawajafika hata darajani, Lavell alikuwa anakoroma.